Picha ya Kwenye Kona ya Kioo

Mwanamume akihama mtaa, godoro atalibeba, sufuria atazibeba, lakini kinyozi habebeki. Hilo Mgeni alilijua siku nywele zilipoanza kumtekenya masikio.

Kule alikotoka, mtaa wa wageni wenzake wa kazi za mikataba, alikuwa na kinyozi aliyekijua kichwa chake kuliko mama yake mzazi. Mwenye nyumba akaiuza nyumba, na mhandisi wetu wa maji akajikuta upande wa pili wa mji, ambako hata mlinzi wa geti hakujua amwite nani. Jumamosi akatoka kutafuta wa kumnyoa. Barabara ya maduka ilikuwa imefurika, spika zinashindana, watu wanapigana vikumbo. Kikumbo kimoja kikampata yeye, miwani ikaruka. Bila miwani, bwana huyu alikuwa hatofautishi ng'ombe na gari.

"Usisogee! Utaikanyaga mwenyewe," sauti ya kike ikamwambia.

Akaganda pale pale. Mwenye sauti akaiokota, akaingia nayo dukani, akarudi nayo imenyooshwa na kufutwa. Alipoivaa, kitu cha kwanza kukiona sawasawa kilikuwa uso wa yule dada. Alivaa koti jeupe la kazi juu ya gauni la zambarau, nywele amezifunga juu, na midomo ameibana asicheke. Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa miwani.

"Asante, dada. Umeniokoa."

"Bado sijakuokoa. Hizo nywele je?"

"Ndiyo nilikuwa natafuta kinyozi."

"Kinyozi? Hapo panataka jembe, kaka!" Sasa akacheka waziwazi. "Nenda pale kona, mlango wa kijani. Hana maneno mengi, lakini mkono wake mwepesi."

Hakusema kwamba mwenye mlango wa kijani ni kaka yake wa tumbo moja. Aseme ya nini? Mteja ni mteja, na huyu alikuwa wa kupita.

Kumbe hakuwa wa kupita. Kila Jumamosi Mgeni alinyolewa, kisha akaingia duka la miwani kukaziwa skrubu. Skrubu gani hiyo isiyokaza, jamani? Mwisho dada wa watu akaizungusha bisibisi mara moja, akaiweka mezani. "Kaka, hii imekaza tangu mwezi uliopita. Sema shida yako."

Akaisema. Tangu hapo akawa anamwita Mboni, na simu zikawa hazipoi.

"Mboni yangu, uko wapi?"

"Kazini. Nawauzia watu macho."

"Na mimi yangu nimeyasahau huko kwako."

"Nimeyaona. Nitakutumia kwa posta."

"Usitume. Nayafuata mwenyewe."

"Njoo basi, muongo wewe, kabla sijamuuzia mtu!"

Siku moja akamsifia. "Yule kinyozi uliyenielekeza, Mboni, ni mtu na nusu." Binti akang'ata ulimi. Wazazi wao walipofariki, kaka huyo ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa mashine ya kunyolea. Mchumba wake wa kwanza, kaka alimtoa mbio. *Ngoja wazoeane kwanza*, Mboni akajiambia, *nitasema wiki ijayo*. Wiki ijayo ikaja, akasema wiki ijayo. Kaka mtu naye alikuwa haambiwi kitu.

Kilichomkosesha raha ni kingine. "Mkataba wako ukiisha," alimuuliza, "mimi na wewe tunakuwaje?"

"Nitaongea na nyumbani, mpenzi. Niamini."

Akaamini. Akaanza hata kusimama kwenye madirisha ya maduka, akiangalia masanduku ya safari.

Sasa, ile saluni ya kona. Benchi la kusubiri lilikuwa chini ya dirisha, limetazama barabara, kioo kiko mgongoni. Na kinyozi alikuwa na utaratibu wake. Kabla hujakaa, miwani anakuvua yeye, anaiweka kwenye droo. Akimaliza, anakizungusha kiti kuelekea mlangoni ndipo anakurudishia. Hakupenda mteja ajikague kama anayekagua nyama buchani. Wateja walinung'unika, wakazoea. Kwa hiyo Mgeni alikaa miezi mbele ya kile kioo bila kukiona. Kwake kilikuwa ukungu tu wenye mwanga katikati.

Jumamosi moja benchi lilikuwa limechangamka. Walikuwepo fundi bomba na muuza viatu, na wote wawili hawakuwa na kazi isipokuwa ulimi.

"Mgeni!" akaanza fundi bomba. "Miezi yote hii huku, hujapata hata wa kukuulizia hali?"

"Huyu? Anaogopa dada zetu," akadakia muuza viatu. "Akiitwa tu anakimbia."

"Au keshakamatwa! Mtazameni alivyonenepa. Huyu ameshafugwa!"

Wakaangua kicheko. Na hapa ndipo ningependa kumpiga mtu kofi. Mgeni alimpenda yule binti, tena hasa. Lakini kuchekwa hakuweza, na alitaka benchi limwone mwanamume.

"Nifugwe na nani?" akasema kwa sauti ya kibabe. "Nina mmoja wa kupotezea muda tu. Mkataba ukiisha, naye kaisha."

Benchi likapiga makofi. Kinyozi, asiye na maneno mengi, akauliza, mashine ikiendelea kuunguruma, "Mmoja gani huyo?"

"Yule wa duka la miwani. Anajiona tayari ameolewa."

Mashine ikazimwa.

Fundi bomba akaacha kucheka. Muuza viatu akainamia viatu vyake mwenyewe. Wao walijua, mtaa mzima ulijua, isipokuwa aliyekalia kiti. Kinyozi akafungua droo, akatoa miwani, akamvalisha taratibu huku kiti kikiwa bado kimetazama kioo.

"Tazama pale juu. Kona ya kulia."

Mgeni akatazama. Kwenye kona palibandikwa picha ndogo. Mboni wake alikuwa amevaa joho la mahafali, anacheka. Pembeni yake huyu huyu kinyozi, kijana zaidi, amemshika bega huku analia.

"Yule nimemlea mimi," kinyozi akasema. "Nimekunyoa miezi mingi. Nimekuwekea wembe shingoni kwa upole. Kumbe namnyoa anayemchezea mdogo wangu."

"Kaka, mimi sikujua…"

"Hukujua nini? Kwamba ana mwenyewe? Asingekuwa na mwenyewe ndiyo ungemchezea?" Akamvua kitambaa. "Ondoka kwenye kiti changu."

"Hujamaliza kichwa."

"Ondoka."

Kabla hajavuka barabara, simu ya duka la miwani ilikuwa imeshalia.

"Kaka, kuna nini?"

"Dada, mimi nilikuficha kitu lini?"

Mgeni alipoingia dukani, nusu ya kichwa upara na nusu msitu, Mboni alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, simu bado mkononi. Hakucheka.

"Wa kupotezea muda," akasema.

"Mboni, yale yalikuwa maneno ya benchi tu. Walikuwa wananicheka!"

"Kwa hiyo ukanitoa mimi nichekwe badala yako?"

"Na wewe ulinificha kaka yako! Umenikalisha pale kama mjinga!"

"Nilikuficha, ndiyo. Na kaka nimemkosea kuliko nilivyokukosea wewe, nitampigia magoti leo. Lakini mimi kila nilipokutaja, nilikutaja vizuri." Machozi yakamtoka, akayaacha yateremke. "Nyumbani uliongea nao?"

Mgeni akavua miwani, akaanza kuifuta.

"Hata simu hukupiga. Toka, baba. Wateja wangu wanasubiri."

Wiki ile alikwenda kazini na kofia, mvua, jua, mkutano, kofia. Alimpigia, simu haikupokelewa. Kinyozi mwingine angemaliza ile nusu upesi tu, lakini hakwenda kwa mwingine. Jumamosi akausukuma mlango wa kijani, akavua kofia mbele ya wote, akakaa benchini kungoja zamu. Hakuna aliyethubutu kumtania. Zamu yake ilipofika, kinyozi akamvua miwani.

"Nina neno," Mgeni akasema, "na nataka benchi lisikie, maana la kwanza lililisikia. Nilisema uongo. Yule dada nampenda. Nilimwahidi kuongea na nyumbani, sikuongea, niliogopa. Nimeongea jana. Kwa mkubwa wangu kazini pia nimeomba nibaki. Nataka kumuoa, kama bado nafaa."

Kinyozi akawasha mashine, akaanza ile nusu. "Mimi hilo halinihusu," akasema mwishowe. "Mwambie mwenyewe. Yuko mlangoni tangu ulipoanza."

Mgeni akageuka. Aliona ukungu, na ndani yake rangi ya zambarau.

"Mboni! Naomba unioe. Nikuoe! Yaani…"

"Uliponitukana ulikuwa huoni," akamkatiza. "Leo pia huoni. Vaa miwani ndiyo useme na mimi."

Kinyozi akampa. Mgeni akavaa, akamwona macho yalivyovimba, midomo ilivyokauka, wiki nzima ya kilio alichokisababisha yeye.

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Basi sikiliza. Mkataba wako ukiisha, kama bado uko mtaa huu, njoo uniulize tena. Saa hizi siwezi kukujibu. Bado inaniuma."

Akageuka, viatu vyake vikasikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Kinyozi akaipeleka mashine hadi shingoni, akamfuta nywele, akamtia dawa ya kuzuia vipele. Kisha akanyoosha mkono kwenye kona ya kioo, akaibandua ile picha, akaibandika chini, mbele kabisa ya kiti, karibu na pua ya anayekaa.

"Hapo," akasema, "utaiona hata bila miwani."