Nusu ya Kemilembe

Jua la Kampala lilikuwa linazama Muhangi alipotoka duka la dawa, chupa ameizungushia kitambaa na kuificha kifuani, ndani ya shati. Kilichompeleka mjini kilikuwa kimekwisha. Sasa alitafuta tu pa kulaza ubavu, maana lori la kumrudisha hadi Mbarara, njia ya kwao, lingeondoka keshokutwa alfajiri.

Ilikuwa mwaka 1951. Muhangi alikuwa mkulima wa migomba na kahawa wa Nyakatuntu, mzee wa kanisa la Kilutheri, mgane mwenye mtoto mmoja tu duniani. Mtoto huyo, Kemilembe, alikuwa na miaka saba, na huu ulikuwa mwezi wa pili yuko kitandani, kifua kinamkoroma, amebaki mifupa. Daktari wa misheni aliandika jina la dawa, akasema upande huu wa mto haipatikani. Basi Muhangi akamwacha mtoto kwa bibi yake, mzee Kokubanza, akavuka mpaka, mto Kagera, kwa mtumbwi pale Murongo.

Siku tano hakusalimiwa na mtu kwa lugha yake. Mjini watu walimkwepa tu kama kisiki cha njiani.

“Osibire ota?”

Muhangi aligeuka, nusura chupa imchomoke shatini. Ilikuwa salamu ya jioni ya kwao, Kinyambo kitupu! Mwanamume wa makamo alisimama kwenye mdomo wa kichochoro, kanzu nyeupe, miguu peku. Alijitaja kuwa Rwegoshora, mzaliwa wa Murongo, mkazi wa mjini kwa miaka mingi.

“Una pa kulala?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Sina, ndugu yangu.”

“Unapo.”

Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, mwisho wa kichochoro. Ilikuwa safi. Safi mno... Mafiga hayakuwa na jivu hata chembe. Na palikuwa na harufu ya udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa siku hiyohiyo. Muhangi aliisikia vizuri, lakini mwenye shida ya malazi ana ujasiri gani wa kunusanusa nyumba ya watu? Alipewa ndizi zilizopikwa, akala peke yake. Mwenyeji alisema ameshiba.

Walizungumza habari za nyumbani. Rwegoshora alisikiliza bila kupepesa macho, na mgeni alipomtaja mtoto wake mgonjwa, akamsogelea kidogo.

“Mimi hakuna aliyekuja kuniulizia,” alinong’ona. “Hata mmoja.”

Muhangi alimhurumia kwa moyo wote.

Siku iliyofuata, Alhamisi, mwenyeji hakuonekana kutwa nzima. Alirudi jua linapotua, mkononi ana wembe na tunda moja la kahawa, jekundu, limeiva.

“Kesho unaondoka, nami sina mtu. Tuchanjiane.”

Jamani, hilo kwa Wanyambo halina mchezo. Ndugu wa kuchanjiana humshinda hata wa tumbo moja. Cha huyu ni cha yule. Kanisa lilishapiga marufuku, na Muhangi mwenyewe aliwahi kuwakaripia watu wazima kwa jambo hilo. Lakini angemkatalia vipi aliyempa chakula na paa? Na tusimfichie: alikuwa na njaa ya ndugu.

Walijichanja chini ya kitovu. Damu ya Muhangi ilitoka mara moja. Ya Rwegoshora ilichelewa. Akakamua... akakamua tena... likatoka tone moja, jeusi.

Tunda likapasuliwa. Kila mmoja akachukua punje yake, akaipaka damu yake, wakabadilishana. Punje ile ilikuwa baridi ulimini.

Muhangi akaimeza.

“Changu ni chako,” Rwegoshora akanong’ona.

“Changu ni chako.”

“Nyumba yako?”

“Yako.”

“Mtoto wako?”

Ndivyo kiapo kinavyosemwa, tangu mababu. Muhangi akajibu bila kufikiri.

“Wako.”

Alfajiri aliamka, mwenyeji hayupo. Nje alimkuta jirani, mama wa Kihaya aitwaye Joviana, anamenya ndizi mlangoni pake.

“Baba, umetoka humo?” Kisu kilisimama hewani.

“Nimelala kwa Rwegoshora.”

“Rwegoshora tulimzika sisi majirani, mwaka wa tisa huu, hapo nyuma ya nyumba. Ndugu hawakuja.” Akateremsha sauti. “Amekupa kahawa?”

Mkono wa Muhangi ukaenda chini ya kitovu, palipochanjwa.

“Umemeza?”

Akainamisha kichwa. Joviana akabeba ndizi zake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Njia nzima Muhangi aliomba afe yeye, si mtoto. Jumanne jioni alifika Nyakatuntu, na wa kwanza kumwona alikuwa Kemilembe, anakimbia kumpokea kati ya migomba, mashavu yamejaa! Alimkumbatia akalia kwa furaha.

“Aliamka Alhamisi, jua linatua,” alisema mzee Kokubanza. “Ghafla tu, mwanangu. Nilikuwa nimeshaanza kumlilia, akafumbua macho akaomba uji.”

Furaha yote ikamkauka Muhangi mwilini.

Jioni ileile mtoto alijilaza. Hakuamka. Alipoa, mkono, kisha shingo, kisha kifua. Pumzi haikusikika. Bibi alipofungua kinywa kupiga yowe, Muhangi akamziba kwa kiganja: majirani wakisikia, wangekuja kumzika. Walikaa hivyo, naye mtoto amelala hivyo, siku mbili.

Alhamisi, jua linatua, chumba kilijaa harufu ya udongo mbichi.

Kemilembe akafumbua macho.

“Nilikuwa kwa baba mdogo,” alisema. “Alitaka niende mapema, lakini akasema tukusubiri ufike. Si vizuri mtu kuchukua fungu lake wakati mwenzake hayupo.”

Tangu hapo ikawa hivyo. Siku mbili hapa, siku mbili kule, mgawo wa haki usio na ujanja hata kidogo. Mchungaji aliomba mpaka sauti ikamkauka. Mganga aliyeitwa kutoka mbali alikataa hata kuvuka kizingiti.

“Hujaibiwa,” alimwambia Muhangi. “Ulimpa. Vunja kiapo ukitaka, lakini mtoto atarudi alipokuwa Alhamisi ile, kabla hajaomba uji.”

Basi Muhangi hakuvunja. Nusu ya mtoto ni mtoto. Lakini zile siku mbili zisizo zake hukaa kando ya kitanda na kulia, mzee wa kanisa mzima, kwikwi mpaka mbavu zinauma. Jua likielekea kutua huosha uso, hubadili shati, ili mtoto akifumbua macho amkute baba yake anacheka.

Jioni moja Kemilembe alichelewa. Jua lilitua. Giza likaingia. Muhangi akawasha koroboi, akasubiri... Hatimaye, ile harufu.

“Umechelewa, mama,” alisema, akijitahidi kutabasamu.

“Baba mdogo hakutaka niondoke. Kila nikimuaga analia sana.”

Mtoto aliunyoosha mkono wake wa baridi, akampapasa baba yake shavuni, palipooshwa na kukauka.

“Baba,” aliuliza, “mbona wewe hulii?”