Mguu Uliozibwa Haraka

Tundu lile alilifunga jana jioni, na asubuhi lilikuwa wazi tena.

Lilikuwa dogo, chini ya kifundo cha mguu, kwenye kioo cha kompyuta. Mchoraji wa karakana ya viungo bandia hakushtuka. Skana haileti mguu, huleta ganda lake: maelfu ya pembetatu zilizounganishwa kama wavu, na wavu hutoboka. Programu yake haikuweza kuchonga ganda. Ilitaka gimba lililojaa, lisilo na upenyo. Alikuwa ameupitishia skana mguu mzima wa mdogo wake, kisha akaugeuza wa kulia uwe wa kushoto, ule uliokatwa chini ya goti miaka miwili nyuma. Jumatatu mdogo wake angeanza kazi ya ualimu, na alitaka kusimama mbele ya darasa bila magongo.

"Bado tu?" aliuliza mkuu wa karakana, waliyemwita Babu Patasi.

"Kuna tundu halizibiki."

"Likate gimba hapo kwenye kioo uangalie ndani kwanza. Hatuzibi tusichokiona, mwanangu."

"Babu, leo Ijumaa."

"Ijumaa haijawahi kuchonga mguu," alisema, akaenda kula.

Mchoraji hakukata. Aliiamuru programu ijaze kila kitu, nayo, iliyozoea kugoma kwa kila pembetatu iliyopinda, ikakubali papo hapo. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Akadhani ni printa ya kuchapia viungo.

Jumamosi adhuhuri mguu ulikuwa mezani. Saa tatu baadaye ulikuwa bado na joto.

Ndipo alipoketi akalikata gimba kwenye kioo, tabaka baada ya tabaka, na pale palipotakiwa kujaa palikuwa na nafasi, na ndani ya nafasi mguu mwingine, mdogo, uliojikunja kama kitoto tumboni, na kila aliposogeza kipimo cha mkato mbele ili auone vizuri vidole vyake vilisogea nyuma, taratibu, kama vya mtu anayejificha huku akitaka kuonekana, mpaka kitu kikagonga mara mbili, na mlio haukutoka kwenye kompyuta bali mezani, nyuma yake.

Alichukua keekee ya kutobolea. Kilichozibwa kingefunguliwa. Ncha ilipogusa tu chini ya kifundo, sauti ilimwita kutoka mlangoni.

"Dada."

Mdogo wake, aliyekuwa akisubiri chumba cha pili, aliegemea magongo. Kwenye mguu wake mzima, chini ya kifundo, damu ilichuruzika nyembamba kama uzi.

"Acha," alinong'ona. "Inaniuma mimi."

"Mna mtu humu."

"Najua. Tangu jana ananiuliza tunaenda wapi."

"Ukamwambia nini?"

"Shuleni." Alijaribu kucheka. "Hajawahi kwenda, masikini."

"Nitakutengenezea mwingine. Nipe wiki moja."

"Nimekaa miaka miwili, Dada. Na huyu utampeleka wapi?"

Mchoraji aliiweka keekee chini. Mdogo wake akaketi, akapandisha sketi, akanyoosha kipande cha mguu wake.

"Nivalishe."

Alipiga magoti. Aliifunga mikanda mmoja mmoja, asiweze kumlaumu mdogo wake wala yule aliyemo mguuni. Mdogo wake alikuwa bado amekaa, mguu ulipopiga hatua ya kwanza.