Misa ya Marehemu Aliye Hai

Nina miaka arobaini na mitatu, mke mmoja na watoto wanne, na naishi Giteranyi, mkoani Muyinga. Nililelewa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu hapa wanakicheka. Jina langu Melkiori. Haya ninayowaeleza sijawahi kuyasema yote kwa mtu... nianzie wapi?

Nina mdogo wangu mmoja tu, Bonifasi. Mama yetu alifia kambini. Siku zake za mwisho alitushika mikono, akatuapisha: mkirudi kwetu kwa amani, mwende Mugera, kule Gitega, mkamshukuru Bikira Maria. Mwende wawili.

Mimi nilirudi kwanza. Bonifasi alibaki Tanzania, simu yake ikanyamaza. Wakubwa wa kilima, yaani wa kijiji chetu, walitaka kuligawa shamba la baba mara mbili, langu na lake. Ndipo nilipofungua kinywa nikasema Bonifasi amekufa. Shetani? Hapana jamani, shetani simsingizii. Nilikuwa na uchu wa shamba.

Na uongo hausimami kwa mguu mmoja. Ili watu waamini, nilikwenda parokiani kumtolea nia ya misa ya marehemu, isomwe kila mwaka mwanzoni mwa Agosti. Majirani wakanipa pole, nami nikalia machozi ya kweli! Sehemu yake ya shamba nikaiuza, nikanunua baiskeli.

Miaka ikapita. Msimu mmoja wa mvua, Bonifasi akaingia uani na begi moja mgongoni. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Majirani niliwaambia kwamba habari ya kifo ilikuwa ya makosa, nikawasihi wasimtajie, maana ni mkosi mtu kujua aliombolezwa angali hai. Wakanyamaza kwa heshima. Yeye nilimwambia shamba lake walipewa wengine zamani. Akasema, "Si kitu, kaka. Tumeonana." Akaanza kulima vibarua.

Mvua zilipokatika, alinikumbusha nadhiri ya mama. Twende Mugera kwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, katikati ya Agosti, wawili kwa baiskeli moja, tukipokezana. Nilikubali haraka. Moyoni nilijiambia: nitamwambia kila kitu tukifika Mugera, mbele ya Mama Maria, pale hatashindwa kunisamehe. Mnauona ujinga wangu? Kama vile dhambi ina mahali pake pa kuteremshiwa...

Tulipanga kwa majuma mengi. Alichora njia nyuma ya kalenda: Muyinga, Gasorwe, Karuzi, kisha Mutoyi kwenye misheni, halafu Mugera. Muyinga mjini tulinunua breki mpya kwa mama mmoja Mkongomani. Akaitazama baiskeli, akacheka.

"Papa, ile njia iko na milima mingi. Freni ikikufa, hata rozari haitasimamisha hii kinga."

Freni kwao ni breki, na kinga ni baiskeli. Bonifasi alicheka njia nzima. Tulipofika nyumbani aliihesabu milima na kuigawa: huu wa kaka, huu wangu. Ile mirefu yote alijiandikia yeye, kwa sababu ya goti langu bovu. Mimi shamba lilinishinda kugawana naye, yeye akanigawia hata mteremko.

Jumapili ya kwanza ya Agosti tulikwenda kanisani kwa baiskeli, tukakaa benchi moja. Katekista alikuwa mgeni, hakumjua mtu yeyote. Akafungua daftari la nia, akasoma: "Tumwombee marehemu Bonifasi, aliyefia uhamishoni. Ameombewa na kaka yake, Melkiori."

Nilikuwa nimesahau kuifuta... Nilisahau!

Hakupiga kelele. Alingoja misa iishe, akaniuliza nje, "Nilikufa lini, kaka?"

Nikamwambia yote. Akauliza, "Na hii baiskeli?" Akaiegemeza ukutani taratibu, akaondoka kwa miguu, karatasi ya njia mfukoni.

Nilimtafuta siku mbili. Siku ya tatu nikapanda baiskeli kumfuata. Gasorwe, kwa wazee tuliokuwa tumepanga watulaze njiani, niliambiwa amepita kwa miguu. Milima yake yote nikaisukuma mimi, goti likiwaka moto. Mutoyi nilifika watu wakiingia misa ya asubuhi, nikakaa benchi la nyuma kabisa. Nikamwona mbele, amepiga magoti. Nikashukuru, nikajua sasa yatakwisha.

Nia zikasomwa. "Tumwombee marehemu Melkiori wa Giteranyi. Ameombewa na mdogo wake, Bonifasi."

Alikuwa analia, ndugu zangu. Si kwa hasira. Alilia kama mtu aliyefiwa.

Wakati wa kutoka alipita karibu yangu, akasimama. Nilimwita mwana wa mama. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyekuja msibani, akasema, "Kaka yangu alikuwa mtu mzuri." Kisha akashika njia ya Mugera peke yake. Sikuthubutu kumfuata.

Nasikia anaishi Gitega, anafyatua matofali. Shamba lililobaki nimeliandikisha kwa jina lake, nimemtumia watu mara tatu. Wanarudi na jibu moja tu: kaka yake alishazikwa.

Nawaomba ninyi mliorudi makwenu, msimzike mtu kwa ajili ya ardhi. Na kama ulishateleza, mwambie leo, hapo jikoni kwako, usingoje mahali patakatifu. Mimi kila Agosti naenda kanisani mapema, nakaa nyuma, nasikiliza majina ya marehemu. Langu likisomwa, nitaitika amina kama wengine.