Cherehani Nyuma ya Ndege

Kila asubuhi Saliha aliwasha makaa ya pasi katika duka la baba yake, fundi cherehani wa mtaa wa Bwiza, ndipo aende shule. Siku hiyo hakuwasha kitu. Risasi zilikuwa zikilia mtaa wa Mutakura tangu alfajiri, na baba alikuwa amemtafutia yeye na mama yake, Zubeda, nafasi katika ndege ndogo ya kwenda Kigoma.

Uwanjani kila abiria alipimwa pamoja na mfuko wake. Cherehani ya baba na pasi zake mbili zilikataliwa kwa uzito, zikaachwa kando ya ndege. Saliha akajiuliza: Wakifika ugenini bila cherehani, watakula nini? Basi akafanya kama wachuuzi wanaoficha mizigo kwenye basi. Mama alipokuwa akilia kifuani kwa baba aliyekuwa anabaki, yeye aliiingiza mizigo ile ndani, akaisukuma nyuma ya kiti cha mwisho, akaifunika kwa kitenge.

Rubani Sylvère alipoingia, aliwaomba wote wasihamishe hata mfuko mmoja.

"Uzito ukizidi mkiani, pua ya ndege inainuka," alisema. "Ikiinuka mno, hewa haipiti tena vizuri juu ya bawa. Bawa halitubebi tena, tunaanguka."

Saliha akageuka kukitazama kitenge. Akisema, huenda wakashushwa, warudi kwenye risasi. Asiposema, je? Injini ikanguruma, ndege ikaanza kwenda. Mama alikuwa akisoma dua kwa sauti.

"Tonton, simama," Saliha alimwambia rubani, akimwita kama mjomba wake. "Nimeficha cherehani nyuma."

Ndege ikasimama. Abiria mmoja alimfokea, lakini Sylvère alishuka, akatoa mizigo, huku jasho likimtoka. Pasi zilibaki chini uwanjani. Cherehani ikawekwa mbele, miguuni pa mama, na ili kufidia uzito wake mifuko yao ya nguo ikashushwa. Mama hakubisha.

Kigoma walishuka na cherehani na nguo walizovaa tu. Saliha akamwomba rubani msamaha. Sylvère akachuchumaa mbele yake.

"Hata mimi niliogopa, mwanangu," alisema. "Lakini bawa halijui kama una njaa au una hofu. Linajua uzito tu. Ukiniambia kweli, tunapanga upya. Ukinificha, unaniacha niwaue watu huku nikidhani nawaokoa."