Asubuhi ya Fridah

Fridah alipiga mwayo nje ya nyumba, na huku alikuwa amelala ndani, kichwa juu ya mkono wa dada yake, Rispah.

Rispah alifumbua macho. Mwayo ule mrefu, wenye kilio kidogo mwishoni, aliujua tangu utotoni kwao Bumula. Akajiambia ni Jerono, jirani. Huko Kipsongo, mtaa wa mabanda wa Kitale, kuta ni mabati, sauti ya mtu huingia kwa mwenzake bila kubisha hodi. Akajifunika shuka na asilale tena.

Mdogo wake huyo alikuwa ameletwa kutoka Bumula akiwa hoi. Nguo zilimpwaya, mistari ya viganja iliingia weusi, na chumvi aliilamba mkononi kama ng'ombe. Daktari Kipruto wa kliniki moja mjini Kitale alimwangalia fizi, akampima presha.

"Kuna homoni inaitwa kotisoli," alimwambia Rispah. "Hiyo ndiyo inamwamsha mtu. Kabla jua litoke inapanda, asubuhi iko juu, jioni inashuka. Nikitoa damu jioni itanidanganya. Mlete asubuhi mapema. Ikiwa chini kabisa, nitampa tembe za kumeza kila siku, na ataishi."

"Na asipozipata?"

"Mama, wewe mlete asubuhi."

Ataishi! Rispah hakusikia lingine.

Siku ya kupimwa alitoka giza likiwa bado nene, akapata boda ya baiskeli, akarudi nayo mbio. Sasa, nyanya yao alikuwa mkali kwa jambo moja: mtu haitwi jina lake kabla jua halijatoka. Unaingia ndani, unamgusa bega. Rispah alilijua hilo vizuri sana. Lakini haraka ilimtia upofu, jamani, akasimama njiani akapaza sauti.

"Fridah! Fridah we! Toka twende!"

"Nakuja, dada."

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba, upande wa mahindi.

Akaja, leso kichwani, akitembea chapuchapu. Rispah alifurahi mpaka akasahau kuuliza alikuwa huko akifanya nini. Akampakia nyuma ya baiskeli, yeye akakimbia kando, na kwenye mlima mwenye baiskeli hakutweta hata kidogo.

"Ati huyu ni mgonjwa?" alisema bila kugeuka. "Ni kama sijabeba mtu, bana."

Kliniki, sindano ilipoingia Fridah hakukunja uso. Chumba kilinuka udongo mbichi, daktari akafungua dirisha. Rispah alitoka kumtafutia chai, na aliporudi benchi lilikuwa tupu. Akadhani ametangulia nyumbani, akamfuata.

"Dada," Fridah alinong'ona kutoka kitandani, "si tuliambiwa asubuhi? Mbona hukuniamsha?"

Rispah aliushika mkono wake wa kulia akatafuta tundu la sindano, akaushika wa kushoto akatafuta, akarudia wa kulia, na ngozi ilikuwa nzima, baridi, haijaguswa, na alipokuwa ameinama hivyo, akasikia nyuma ya mabati, karibu kabisa na sikio lake, mtu akijinyoosha taratibu na kupiga mwayo mrefu wa aliyelala akashiba.

"Umesikia?" Fridah aliuliza. "Hunijia kila alfajiri. Akiamka yeye, mimi siwezi kuamka."

Kliniki walikataa kurudia kipimo. Damu imeshaenda Nairobi, mama, ngoja majibu. Mchungaji Nyongesa akaja na waumini, wakaimba, wakalikemea jini mpaka sauti zikakauka, na wakati wa amina ya mwisho kukawa na amina moja ya ziada kutoka nje. Mchungaji alichukua Biblia yake akaenda. Hakuaga.

Majibu yalipokuja, daktari alikuwa anatabasamu.

"Asubuhi yake ni nzuri kabisa. Kotisoli iko juu vile inatakiwa. Sio huo ugonjwa niliofikiria."

"Daktari, hiyo damu si yake."

"Nilitoa mimi mwenyewe, mama. Wewe ulikuwa umesimama hapo."

Rispah alimweleza yote, akilia. Kipruto alimwangalia kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomvunja moyo zaidi.

"Wewe pia umechoka. Sawa, tutapima tena. Mlete Jumanne asubuhi. Tembe siwezi kumpa mtu ambaye damu yake iko sawa."

Jumanne haikumkuta. Fridah alitapika usiku kucha, akaomba chumvi, akapewa, na kulipopambazuka akamkazia dada yake macho, mdomo wazi, kama mtu anayejaribu kuamka na anashikiliwa. Rispah alimgusa bega. Alimgusa na kumgusa.

Wakamrudisha Bumula. Jumanne asubuhi jeneza lilikuwa uani, limefunguliwa watu waage, na Rispah amekaa chini kando yake, simu ilipolia. Alikuwa Daktari Kipruto.

"Mama, nataka utulie roho. Dada yako amekuja leo mwenyewe, kama tulivyopanga. Anapendeza! Ngoja, anataka kukusalimia."

Rispah alitaka kukata simu, vidole vikakataa. Aliutazama uso ule ndani ya jeneza, pamba puani, na sikioni simu ikapokezanwa, halafu ikaja sauti changamfu, ya mtu aliyeamka vizuri.

"Dada, huko Bumula mnamzika nani?"