Mche wa Mlangoni kwa Warigia

Rafiki yangu Gachanja anauza miche Ruiru, na mtu asiyejua mti kwa majani yake humwona bure kabisa. Mjane mmoja wa Gatuanyaga, Warigia, alimwita atambue mche uliojiotea mlangoni pake.

“Usiuvunje tu,” akamsihi. “Mzee wangu aliuvunja, tukamzika Jumamosi.”

“Mama, huo ni ushamba.”

Akanusa majani, akakagua machipukizi, asiutambue. Kwa hasira akavunja kitawi. Kikalia kama kidole cha mtu. Akakitia mfukoni.

Alifika kwake Kimbo giza likiingia, stima zimepotea. Mlangoni kitu kilidondoka, to, to. Akawasha tochi ya simu. Mche ulisimama pale, umevunjwa kitawi, utomvu ukichuruzika. Akatoa kile cha mfukoni, akakipachika palipovunjika. Kikaingiana sawasawa.