Bakuli la Tarehe Ishirini

Kitendawili kitangulie, watu watafuata. Ana jicho moja, halipepesi, halisinzii, halijui kuona haya, na kila alionalo humpelekea mwenzake aliyefungiwa kabatini. Ukishindwa, nipe mji. Ukikipata, basi umeshajua Luniva Tamrakar alifuata nini New Road, Kathmandu, mchana ule, siku chache baada ya sikukuu ya Tihar, mashada ya maua ya njano yangali yananing'inia milangoni na kunyauka.

Alifuata kamera za ulinzi. Baba yake, mzee Astaman, anauza vyombo vya shaba pale Asan, katika duka jembamba na refu kama koo la birika. Msongamano wa sikukuu ulipokwisha, taa mbili za ibada hazikuonekana, wala aliyezichukua. Mzee alisema duka hilo limelindwa na macho tangu enzi za babu yake. Luniva akamjibu kwamba macho yenyewe siku hizi yanavaa miwani. Basi akaambiwa aende akachague mwenyewe, na akichagua vibaya asije kumlilia mtu.

Duka la kamera lilijaa watu hadi ngazini. Mwuzaji, kalamu sikioni, alimwaga maneno kama mvua juu ya mabati: kamera ya kuba au ya mrija, megapikseli mbili au tano, kinasa video cha njia nne au cha njia nane, diski ndogo au kubwa, na waya wake wa aina gani. Luniva, shali yake ya zambarau ikimteleza begani, aliitikia kwa kichwa kila neno kama mtu anayeelewa. Hakuelewa hata moja. Mwuzaji akaitwa upande wa pili, naye akabaki ameshika kamera mbili asizozijua.

Kando yake alisimama kijana mrefu aliyevaa sweta la kijani la kufumwa kwa mkono. Alikuwa akizigeuzageuza kamera za mezani kama mtu achaguaye nyanya. Luniva akamdhania ni wa pale pale dukani.

"Kaka, samahani. Hii na hii zina tofauti gani?"

Kijana akazitazama kwa uzito wote. "Hii ni nyeupe. Na hii ni nyeupe zaidi."

Luniva akamkazia macho. Yule kijana akajikaza, akashindwa, akaangua kicheko. "Dada, na mimi mnunuzi. Nimesimama hapa tangu asubuhi nikidhani wewe ndiye mwenye duka, kwa jinsi unavyoitikia kwa kichwa."

Ndivyo alivyomjua Sanil Prajapati, wa Bhaktapur, mwenye duka la mtindi wa kugandisha katika mabakuli ya udongo. Wajinga wawili wakaamua kuunganisha ujinga wao. Sanil alipomsikia anauza shaba iliyosuguliwa, akakumbuka kitu kimoja alichokielewa asubuhi ile, kwa sababu ya sufuria zake za maziwa: kamera ya usiku hutoa mwanga wake yenyewe usioonekana kwa macho, na ukiielekeza kwenye chombo king'aacho itaona weupe mtupu, kama mtu anayetazama jua. Kwa hiyo kamera za Luniva zikae juu, zitazame njia ya katikati, zisitazame rafu. Luniva naye akamuuliza yeye jiko lake liko wapi. Sanil akasema liko pale pale dukani, na kamera alikuwa amepanga kuitundika juu yake.

"Itaona mvuke tu," Luniva alimwambia. "Mwizi atakuwa wingu."

Sanil akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kamera ikahamishwa, kwa maneno, mpaka mlangoni, uso wake ukielekea kaunta na ukuta wa nyuma.

Wakaja kutofautiana kwenye diski. Mwuzaji alisema ile ndogo hutunza picha kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha hujila mkia: picha mpya hukalia mahali pa ile ya zamani kuliko zote. Luniva akaitaka hiyo ndogo. Sanil akachukua kubwa.

"Mambo mengine mtu huyakumbuka baada ya wiki mbili, tajiri," alisema.

"Mimi nikiibiwa nitajua siku hiyo hiyo."

"Na ukiibiwa moyo?"

Luniva akasema moyo hauwekwi rafuni. Lakini nambari ya simu akaitoa, eti kwa ajili ya mambo ya waya.

Mambo ya waya yakawa mengi. Kila jioni baada ya kufunga maduka simu ililia, na Luniva akaenda kuipokelea nyuma, kwenye masinia makubwa, ambako sauti yake ilimrudia kama ya watu watatu. Mafundi waliowafungia kamera walikuwa wamewaambia kwamba kinasa hakijui kalenda ya nyumbani, ambayo miezi yake huanza katikati ya miezi ya wageni; kinajua ile ya wageni tu, wasikilazimishe. Basi wale wawili wakazoea kuzungumza kwa tarehe za mashine. Tarehe kumi kamera yako imeona nini? Imeona paka. Tarehe kumi na moja? Paka yule yule, safari hii amekuja na mkewe. Wakicheka na kuchoka, walitegeana vitendawili, na Sanil, ambaye alikuwa mbovu kupita kiasi, aligawa miji bila huruma. Alishampa Pokhara, Janakpur, Kirtipur na nusu ya Lumbini. Mji mmoja tu alikataa kuutoa.

"Bhaktapur hapana. Huko ndiko ninakolala."

"Utaumaliza ufalme wote, ubaki na kitanda?"

"Kitanda kina siku yake, tajiri."

Mwezi wa Mangsir ukawa unakaribia, mwezi wa harusi, ambapo ngoma na tarumbeta hazinyamazi pale Asan. Baada yake huingia Poush, na katika Poush hakuna aoaye wala aolewaye. Familia moja ya Patan, yenye kijana anayefanya kazi Sydney, ilikuwa imepeleka maneno kwa mzee Astaman. Walitaka jibu kabla Mangsir haijaisha. Mzee hakumlazimisha binti yake. Alimwambia tu kwamba kama yupo mtu mwingine, na aje aonekane. Kama hayupo, wale watu wasiwekwe roho juu.

Luniva akamweleza Sanil yote. Upande wa pili ukasikika mwiko ukizunguka katika maziwa. Sanil alikuwa ameketi mbele ya kioo cha kinasa chake, akikagua picha za siku ile.

"Nitakuja dukani kwenu," alisema hatimaye. "Ishirini, mchana. Nitaleta bakuli la mtindi, nimwamkie baba yako, niseme lililonileta."

"Kweli, Sanil?"

"Ishirini. Usiniangushe, kipenzi."

Hakuwahi kumwita hivyo. Neno likamjaa Luniva masikioni, asiulize jingine lolote. Alipofika nyumbani aliitazama kalenda ya ukutani, akaitafuta ishirini ya Mangsir, akaiwekea kidole.

Kutoka hapo mambo yakaanza kwenda kombo, na Luniva hakujua ni wapi yaliposhika njia hiyo. Siku za mwanzo za Mangsir jamaa yao ilikuwa na karamu ya ukoo, ile asiyoikosa mtu ila aliyekufa. Duka likafungwa kutwa, simu ya Luniva ikazama katika mkoba wa mama yake, chini ya vitambaa na ndizi za ibada. Alipoitoa jioni akakuta Sanil amepiga mara nyingi. Akampigia. Haikupokelewa. Baadaye ukaja ujumbe mmoja: *Nimeelewa. Sikulaumu.*

Luniva akausoma amesimama, akausoma amekaa. Ameelewa nini? Asimlaumu kwa lipi? Akapiga tena kesho yake, na kesho kutwa, simu ikalia kama kilio kisicho na mwenyewe. Mara akaona pengine Sanil amekasirishwa na simu kutopokelewa siku moja tu, na mtu wa hivyo wa nini. Mara akaona pengine ni haya, anajikusanya kwa ajili ya siku yake, kwani wanaume nao huogopa. Akashikilia hilo la pili, kwa kuwa lilikuwa na nafasi ya kukaa.

Ishirini ikafika. Luniva alivaa sari nyeusi yenye pindo jekundu, ile iitwayo patasi, hereni za bibi yake, na ua la njano nyuma ya sikio. Mzee Astaman aliisugua mitungi ya mbele kwa mkono wake mwenyewe, akavaa kofia nzuri, asiulize mgeni ni nani. Mchana ukapita. Walioingia ni mteja wa sinia, na njiwa. Jua lilipotoka kwenye shaba, vyombo vikapoa rangi kimoja kimoja.

"Basi, mwanangu," mzee alisema taratibu, akivua kofia. "Kesho nitawajibu wale wa Patan."

"Kesho jioni, baba. Niachie mchana wake."

Asubuhi alipanda basi la Bhaktapur na patasi yake ile ile, hereni zile zile, akiwa hajui anakwenda kutukana au kuuliza.

Sanil alikuwa peke yake, maziwa jikoni, sweta la kijani limekunjwa mikono. Alipomwona alishika ukingo wa kaunta.

"Karibu, dada," alisema.

Hilo "dada" lilimchoma Luniva kuliko kimya cha siku zote zile.

"Nilikungoja tangu asubuhi mpaka giza," alimwambia. "Na baba yangu amevaa kofia."

"Wewe ulingoja? Mimi ndiye niliyesimama mlangoni kwenu mpaka jua likazama. Mmefunga duka zima ili nisiingie. Ningeambiwa tu hapana, ningesikia."

"Ulisimama lini?"

"Ishirini. Tuliyoagana."

"Ishirini ilikuwa jana, Sanil. Jana mlangoni kwetu walipita njiwa."

"Usinichezee. Ningekwambia ukatazame kinasa chako, lakini ile diski yako ndogo imeshaila siku hiyo."

Luniva akamkodolea macho. Mashine gani hiyo inayoweza kuila jana? Akamwambia kama ana ushahidi autoe, kwani alinunua diski kubwa ya nini. Sanil, kwa hasira, akakigeuza kioo upande wake na kubonyeza.

Picha ikaja. Sanil yule yule, lakini amevaa vazi la heshima, koti jeusi na kofia ya kitambaa cha Dhaka chenye nakshi. Analifunga bakuli kubwa kwa kitambaa chekundu. Anajitazama katika sufuria, anaiinamisha kofia kidogo, anaona imezidi, anairudisha. Anatoka akitembea kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Sanil akapeleka picha mbele haraka. Mwanga wa mlangoni ukawa wa rangi ya machungwa, kisha likaingia giza. Akarudi, bakuli limejaa vile vile. Akavua kofia. Akaketi, akafungua kitambaa, akachukua mwiko wa kuchotea wateja, akaula ule mtindi wote peke yake, kidogo kidogo, macho ukutani.

Luniva hakujua acheke au alie. Akatazama pale alipokuwa akitazama yule Sanil wa kwenye kioo. Ukutani palikuwa na kalenda ya kuchana, karatasi moja kwa siku, tarakimu yake kubwa kama kiganja.

"Isimamishe," alisema. "Hapo ukutani pameandikwa ngapi?"

"Tano."

"Ya mwezi gani?"

"Mangsir."

"Na huku pembeni, juu ya picha?"

Sanil akainama kusoma. "Ishirini," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Wakatazamana. Sanil akakumbuka: asubuhi ya kwenda Asan mama yake alimwuliza kama tano ni siku njema, naye akamjibu kwamba wameshapatana ishirini, akatoka; mama akabaki na mwiko mkononi asiseme kitu. Siku zote zile alikaa na tarehe za kinasa mpaka zikamwingia damuni, akasahau kwamba hakuna mtu Kathmandu nzima aliyewahi kuposa kwa kalenda ya mashine.

"Tano tulikuwa kwenye karamu ya ukoo," Luniva alisema. "Simu ilikuwa chini ya ndizi."

"Mimi nikadhani mlango ndio jibu."

Maziwa yakapanda, yakamwagika, yakanguruma motoni. Hakuna aliyesogea.

"Maziwa," alisema Luniva.

"Nayaona."

"Baba anawajibu wale watu jioni ya leo."

Sanil akazima jiko, akaligeuzia mgongo, uso chini. Luniva akamtazama na kofia yake aliyoitundika msumarini tangu siku ile, ina vumbi.

"Kitendawili," alisema.

Sanil akainua uso polepole. "Tega."

"Watu wawili waliagana siku moja. Kila mmoja alifika, kila mmoja alingoja, hakuna aliyechelewa, wala hawakuonana."

Jibu lilikuwa mbele yake, limesimamishwa kwenye kioo na mwiko mkononi. Lakini alitikisa kichwa. "Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

"Nakupa Pokhara."

"Ulishanipa. Tena mbali."

"Janakpur?"

"Joto."

Sanil akapangusa mikono kwenye sweta. Akateua rafuni bakuli zito kuliko yote, lililoganda vizuri, akalifunga kwa kitambaa kile kile chekundu, fundo likamshinda mara mbili, Luniva akamshikia ncha.

"Nakupa Bhaktapur," alisema.

"Pamoja na kitanda?"

"Pamoja na kitanda, na sufuria, na mama yangu."

"Nimeuchukua," alisema Luniva, na hapo ndipo machozi yalipopata njia.

Sanil akalibeba bakuli mpaka mlangoni, chini ya lile jicho lisilopepesa, kisha akasimama ghafla, amekunja uso.

"Ngoja kwanza. Leo ni tarehe ngapi?"

"Leo ni leo," alisema Luniva, akiipuliza vumbi kofia. "Inama nikuvalishe, basi linaondoka."